Maboksi meupe ya chipsi: rambo tuliziweza, haya yametushinda nini?

#1 MkaziWaTandale

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi tulishuka mtaroni watu kumi na wawili kuzibua kabla vuli haijashika. Nilikwenda nikijua tutapambana na tope. Tope tulilimaliza kwa saa moja. Kilichotuweka mpaka saa nane mchana ni yale maboksi meupe ya povu ya chipsi, tekiawei, yaliyojibana chini ya kalavati kama matofali. Ukiyapiga jembe yanamumunyuka, punje zinaelea, zinateremka na maji kwenda kuwazibia wenzetu wa bondeni. Mzee mmoja alileta chekeche la mchanga, akawa anachota nalo kama anayevua dagaa.

Rambo, ile mifuko ya plastiki, sikuziona, labda mbili tatu. Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Miaka ya nyuma mtaro huohuo ulikuwa rambo tupu. Ikaja marufuku yake tarehe 1 Juni 2019, tukanung'unika, tukashika vikapu na mifuko ya kitambaa, maisha yakaendelea.

Wenzetu wa Jimbo la Lagos, mji wenye watu wengi kuliko Dar na mitaro mibovu kama yetu, walitangaza marufuku ya maboksi haya Januari 2024. Kamishna wao wa mazingira, Tokunbo Wahab, alisema inaanza papo hapo, kisha wafanyabiashara wakapewa wiki tatu wamalize mzigo.

Nasema na sisi tutunge sheria. Na ianzie bandarini na kiwandani, isianzie kwenye kibanda cha muuza chipsi. Anayeona haiwezekani aniambie kwa nini.

#2 Mtoto wa Magomeni

Naunga mkono. Ila mkuu, hao kumi na wawili baada ya kazi walikula nini, na kilikuja kwenye chombo gani?

#3 ChipsiMayai_Sinza

Mleta uzi, mimi ndiye unayemsema, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Nakaanga tangu 2014. Boksi jeupe nalinunua kwa jumla, na hata lipande vipi ni chombo cha bei nafuu kuliko vyote nilivyowahi kujaribu. Boksi la karatasi gumu, lile la kahawia, nilipoulizia lilikuwa zaidi ya mara mbili yake. Mteja anayenunua chipsi kavu hakubali kuongezewa hata mia. Atavuka barabara aende kwa mwenzangu. Siwezi kuhama peke yangu nikabaki na wateja.

Ndiyo maana nasema: sheria ikija itukute wote siku moja, mimi sina tatizo. Ikija ya kukamata mmoja mmoja, naomba isije kabisa. Mwaka 2019 nilimuona mama wa karanga akitokwa machozi kwa sababu ya vifuko, na aliyemuuzia vile vifuko hakuguswa.

#4 WakiliMdogo

Nirekebishe kitu kidogo kwa #1. Rambo hazikuondolewa kwa sheria mpya ya Bunge. Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni Aprili 2019, kisha Waziri wa Mazingira akatunga kanuni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo tunayo tayari. Kwa hiyo kuhusu maboksi hatuhitaji kusubiri muswada na kusomwa mara ya kwanza na ya pili. Waziri akitaka, kalamu anayo mkononi.

Na kwa #3: kanuni zile ziliweka ngazi. Mzalishaji au mwagizaji wa mifuko alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 20 na isiyozidi bilioni 1, au kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Aliyekutwa nayo mkononi, elfu 30 hadi laki 2, au siku saba. Mzigo mkubwa uliandikwa kwa mkubwa. Nani alikamatwa mtaani, hilo ni suala la utekelezaji, siyo la maandishi.

#5 ChipsiMayai_Sinza

Mkuu #4, mimi maandishi sikuyaona. Niliona mgambo.

#6 KijanaWaLikoni

Salamu kutoka Mombasa. Sisi mifuko tuliachana nayo tarehe 28 Agosti 2017, na faini zetu zilikuwa za kuogofya, milioni 2 hadi 4 za Kenya au jela mwaka mmoja hadi minne. Kisha tarehe 5 Juni 2020 vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja vikapigwa marufuku kwenye mbuga, fukwe na misitu iliyohifadhiwa. Chupa, vikombe, sahani, vijiko, mirija.

Sasa angalia linalotokea. Ukivuka geti la hifadhi ya bahari hupiti na chupa. Ukirudi mjini hatua chache tu, viazi karai, bajia na kuku vyote vinatoka ndani ya boksi jeupe, na upepo wa kusi ukivuma maboksi hayo yanaingia baharini bila kupita getini. Bahari haijui mpaka wa hifadhi.

Wenyeji mnakumbuka jalala la Kibarani lilivyokuwa, pale ukiingia kisiwani. Maji yakijaa, ufuko mzima ulikuwa mweupe. Lile jalala limefungwa, lakini weupe haujaisha. Umehamia Tudor.

#7 MwlKemia

Mkuu #1, nina swali kabla hatujafika mbali. Umesema ukiyapiga jembe yanatoa *punje*. Una hakika ni maboksi ya chipsi?

Nauliza kwa sababu hivi vitu ni vya aina mbili. Vyote ni polistireni, plastiki yenye namba 6 kwenye pembetatu, na vyote vimejazwa hewa, zaidi ya asilimia 90 ya ujazo wake. Lakini aina ya kwanza hutengenezwa kwa punje zinazofurishwa kwa mvuke ndani ya umbo. Hiyo ndiyo ya kufungia televisheni na ya kubebea samaki. Ikivunjika, inaachia punje. Aina ya pili ni shuka laini linalosukumwa na mashine, kisha likakandamizwa kuwa umbo la boksi. Hilo ndilo la chipsi. Likivunjika linakatika vipande bapa, halitoi punje.

Kama mlichota punje, basi mtaroni kwenu kuna fungasho za televisheni na friji pia. Marufuku ya vyombo vya chakula haitazigusa.

#8 MkaziWaTandale

#7 asante, umenisahihisha. Nimerudi jana jioni kuangalia lundo tulilotoa. Mengi ni maboksi ya chipsi, na mengine ni pembe za kufungia televisheni, umesema kweli. Punje zilitoka kwenye hizo pembe. Lakini kilichoshika kalavati ni maboksi. Bado nasimama nilipo.

#2, tulikula ubwabwa kwenye sahani za nyumbani kwa mwenyekiti.

#9 Binti Temeke

Mbona hakuna anayesema habari ya afya? Boksi likiwekwa chipsi za moto chini linajikunja, unaona kabisa limeyeyuka. Kile kilichoyeyuka kimekwenda wapi kama si tumboni? Nilisoma kwamba lile boksi limethibitishwa linaleta saratani.

#10 MwlKemia

Dada #9, macho yako hayakudanganyi kuhusu kujikunja. Polistireni huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 100 hivi. Mafuta ya kukaangia yako 170 hadi 180. Chipsi zikitoka karaini moja kwa moja hadi kwenye boksi, lazima chini palegee.

Lakini "limethibitishwa" ondoa. Kilichoainishwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 2018 ni *stireni*, ile kemikali inayotumika kutengenezea, na iliwekwa kundi la 2A, maana yake *inaelekea* kusababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi mwingi ulitoka kwa wafanyakazi wa viwandani waliovuta mvuke wake miaka mingi. Mabaki kidogo ya stireni huweza kuhamia kwenye chakula, na joto na mafuta huyaongeza. Kiasi hicho kinamfanya nini mla chipsi, hapo wataalamu wenyewe hawazungumzi kwa sauti moja.

Mimi mwanangu simruhusu kula chipsi za moto kutoka boksi hilo. Huo ni uamuzi wa mzazi, siyo matokeo ya maabara.

#11 Binti Temeke

Kama mwalimu wa kemia hampi mwanawe, mimi wangu nimpe ya nini?

#12 DadaSilverSpring

Ndugu zangu, niko Maryland mwaka wa kumi na tatu sasa, na jambo hili tumelipitia hatua kwa hatua, niwasimulie.

Kaunti yetu ya Montgomery ilianza tarehe 1 Januari 2016. Jimbo zima la Maryland likafuata tarehe 1 Oktoba 2020. Ilipangwa ianze Julai, korona ikaisogeza. Ndilo jimbo la kwanza Marekani kupiga marufuku vyombo vya povu vya chakula. Faini haizidi dola 250, na kabla ya faini unaandikiwa onyo na kupewa miezi mitatu ya kujirekebisha. Hakuna aliyepelekwa jela kwa ajili ya boksi.

Tunapika pilau na biriani kwenye shughuli za jumuiya yetu hapa, watu mia mbili mia tatu, na zamani tulikuwa tunapakia kwenye yaleyale meupe. Siku moja dukani hayapo. Kimya kimya tu, rafu imepangwa vitu vingine. Hakuna aliyekosa biriani.

Lakini niseme na lisilonifurahisha. Mahoteli mengi madogo yalihamia maboksi *meusi* ya plastiki ngumu yenye mfuniko angavu. Sheria iliandika povu, haikuandika plastiki. Povu likaondoka, plastiki ikabaki. Mkiandika yenu, angalieni sana neno mnalochagua.

Kuna hata muswada wa nchi nzima. Desemba 2023 seneta wetu Chris Van Hollen na mbunge Lloyd Doggett wa Texas waliupeleka, jina lake ukilitafsiri ni kama "Kwaheri Povu". Ulitaka marufuku ianze Januari 2026, na tarehe hiyo ilifika bila kuwa sheria.

#13 MsomajiMkimya

Dada #12, Maine ndiyo iliyopitisha sheria kwanza, Aprili 2019. Maryland ndiyo ya kwanza *kuanza kuitekeleza*. Ila hoja yako iko palepale.

#14 DadaSilverSpring

Sawa kabisa, asante. Maine walitutangulia kusaini, wakaanza 2021.

#15 Mhandisi_Ubungo

Mimi nitakuwa mpinzani hapa. Tatizo siyo boksi, tatizo ni kwamba hakuna anayelikusanya. Polistireni inaweza kurejelezwa. Zipo mashine za kuibana ikawa tofali zito, ikayeyushwa, ikawa fremu za picha. Mnapiga marufuku bidhaa kwa sababu halmashauri imeshindwa kuzoa taka. Kesho mtaro ukiziba kwa karatasi mtapiga marufuku karatasi?

#16 MsomajiMkimya

#15, hoja hiyo imeshapelekwa mahakamani, tena New York. Jiji lilipitisha marufuku mwaka 2013 enzi za meya Bloomberg. Wenye viwanda na wauza vyakula wakashtaki, wakasema povu linarejelezeka. Mwaka 2015 jaji akawapa ushindi, marufuku ikafutwa. Jiji likarudi, likachunguza upya, likaamua tena kwamba povu lenye mabaki ya chakula halirejelezeki kwa namna yenye maana. Marufuku ikaanza tarehe 1 Januari 2019. Miaka yote ile ya kesi, maboksi yaliendelea kuuzwa.

#17 Mhandisi_Ubungo

Wao walitaka kulirejeleza likiwa limechafuka. Likikusanywa safi linarejelezeka. Nasimamia hapo.

#18 MzeeWaSkrepa

Vijana, mnajadili kazi yangu.

Nanunua chupa za maji, madumu, vyuma, maboksi ya karatasi. Hilo boksi jeupe *hakuna anayelinunua*, na mimi siwezi kumlipa mtoto aliyeniletea. Gunia la chupa unaliona zito, bei inaeleweka. Gunia la maboksi ya chipsi unalinyanyua kwa kidole. Lori likijaa umebeba hewa na mafuta ya kupikia, dizeli umechoma ileile. Muokotaji pale dampo la Pugu Kinyamwezi anapita juu yake haliinamii.

Mhandisi akileta hiyo mashine ya kubana na mnunuzi wa tofali lake, siku hiyohiyo mitaro itakuwa misafi kwa sababu vijana wataokota wenyewe. Mpaka siku hiyo, linarejelezeka kwenye karatasi tu.

#19 Mtoto wa Magomeni

Mzee wa Skrepa amefunga hesabu.

#20 Mhandisi_Ubungo

Hajafunga. Amesema mnunuzi akiwepo litaokotwa. Ndilo ninalosema mimi. Mwagizaji alipishwe fedha za kuweka huyo mnunuzi.

#21 MamaNuru

Nami nichangie, nauza chakula cha mchana maofisini.

Zamani hatukuwa na maboksi haya. Tulikuwa tunapeleka wali kwenye sahani, tunaufunika kwa sahani nyingine, tunafunga kwa kitambaa, jioni binti anapita kukusanya vyombo. Kila ofisi ilinijua na sahani zangu zilijulikana kwa ua la buluu. Zilizopotea hazikuwa nyingi.

Mlipuko wa kipindupindu ulipokuja, mabwana afya wakawa wanakagua vyombo, maji ya kuoshea, kila kitu. Wateja wakaogopa sahani. Mtu anakwambia, Mama Nuru niwekee kwenye tekiawei, naona ni salama zaidi. Halikupita mkono wa mtu. Mimi sina bomba, nanunua maji kwa dumu. Sahani sitini kuziosha na kuzisuuza ni maji mengi. Boksi likanipumzisha. Kwa hiyo msiseme tu ni bei. Ni maji.

#22 KijanaWaLikoni

Mama Nuru, shikamoo. Umesema kitu ambacho hakuna mwanaume hapa alikifikiria.

#23 Dereva Boda 24

Siyo maji wala bei, ni sisi bodaboda. Chakula kilianza kusafiri. Sahani haipandi pikipiki. Tangu kipindi cha korona oda zimekuwa nyingi, watu wanakula nyumbani, na kila oda ina boksi lake, la kachumbari lake, la mchuzi lake.

#24 Kijiwe cha Mbezi

Mimi naona sababu ni ileile marufuku ya 2019. Kabla ya hapo chipsi zilikuwa zinawekwa kwenye kifuko cha lailoni, kachumbari ndani, unatikisa, unakula. Rambo ikaondoka, chipsi zikahitaji nyumba nyingine, zikahamia kwenye boksi. Tulifukuza nyani, tukakaribisha ngedere.

#25 ChipsiMayai_Sinza

#24 hapana. Boksi nilianza nalo 2014, siku ya kwanza kufungua. Lailoni ilikuwa ya zile za bei ya chini, za kula unatembea. Zilihamia kwenye vifungashio angavu, vile visivyo na mikono, mpaka navyo vikaanza kupigwa vita vilipogeuzwa vibebeo. Boksi lilikuwa na wateja wake tayari.

#26 Kijiwe cha Mbezi

Kwa Sinza. Huku Mbezi nimeliona kwa macho yangu baada ya 2019.

#27 MpembaMtulivu

Assalaam alaykum. Zanzibar tulipiga marufuku mifuko mwaka 2006, Bara mkiwa bado hamjafikiri. Kisiwa hakina pa kuficha taka. Ukitupa Darajani, unaikuta Malindi inaelea.

Nakumbuka nilipokuwa mdogo, mihogo ya kukaanga na kachori vilifungwa kwenye gazeti, urojo ulinywewa kwenye bakuli la dukani papo hapo, unasimama, unakunywa, unarudisha. Kapu la ukili lilikuwa nyuma ya mlango kila nyumba. Leo urojo unafungiwa kwenye chombo cha plastiki na mtu anatembea nao barabarani. Ule urojo wa kusimama ulikuwa na mazungumzo yake. Tumepoteza na mazungumzo.

#28 Binti Temeke

Wa alaykum salaam. Gazeti lenye wino, na lenyewe si afya baba.

#29 MpembaMtulivu

Kweli binti, wino ulibaki mpaka kwenye muhogo. Lakini gazeti hilo halikuziba mtaro.

#30 Mhaya wa Kamachumu

Kwetu ndizi na samaki vinafungwa kwenye jani la mgomba. Unalipitisha kwenye moto kidogo linalegea, linakunjika bila kupasuka, halivuji, na harufu yake inaingia kwenye chakula. Likitupwa linaoza, mbuzi analimaliza kabla halijaoza. Mgomba upo, jani lipo, mnaagiza povu kutoka nje la nini?

#31 Mtoto wa Magomeni

Mkuu #30, chipsi mayai kwenye jani la mgomba, mayonezi juu?

#32 Mhaya wa Kamachumu

Jaribu kwanza, halafu urudi hapa. Kwenye boksi lako chipsi zinalowa kwa mvuke, ukifika nyumbani zimekuwa uji. Jani linapumua.

#33 ChipsiMayai_Sinza

Hapo kwenye kulowa amesema kweli. Natoboa maboksi kwa uma kila siku ili mvuke utoke.

#34 Mvuvi wa Ziwa

Naomba mkiandika sheria yenu msituue sisi wa Mwanza. Minofu ya sangara inayosafirishwa kwa ndege ikiwa mibichi inawekwa kwenye maboksi ya povu na barafu. Chanjo za watoto nazo zinasafiri hivyohivyo. Hakuna kitu chepesi namna ile kinachotunza baridi kwa saa nyingi hivyo.

#35 DadaSilverSpring

#34 usihofu, sheria ya Maryland imetenga hilo. Fungasho la nyama na samaki wabichi halikuguswa. Wameandika chakula kilichoandaliwa tayari kuliwa.

#36 Mkazi wa Nyamirambo

Muraho kutoka Kigali. Mifuko sisi ilikuwa 2008, na watu hunukuu hiyo tu. Lakini sheria ya pili ni ya mwaka 2019, na hiyo inahusu plastiki zote za kutumia mara moja, mirija, sahani, vikombe. Haikuchagua povu peke yake, kwa hiyo janja ya maboksi meusi aliyoieleza dada wa Maryland imefungiwa mlango. Viwanda vilipewa muda wa kumaliza walichonacho. Ni kweli vitu vinapita mpakani kwa magendo, sitawadanganya. Lakini mitaro yetu mvua ikinyesha inapitisha maji.

Na Ulaya ndivyo walivyofanya tarehe 3 Julai 2021. Povu la chakula waliliweka pamoja na mirija na vijiko, siku moja.

#37 Mhandisi_Ubungo

Haya, na mbadala mnaousifu je? Lile boksi la kahawia la karatasi, mnadhani mafuta hayapenyi kwa nini? Ndani limepakwa plastiki. Mengine yalipakwa kemikali za kuzuia mafuta, zile ziitwazo PFAS, ambazo haziozi. Marekani wenyewe walitangaza Februari 2024 kwamba za aina hiyo haziuzwi tena kwa vifungashio vya chakula. Sisi mizigo ya zamani itaishia wapi? Nawaachia.

#38 WakiliMdogo

Hoja ya #37 ni nzito na sina jibu lake. Inaonyesha tu kwamba kanuni isiseme *kataza hiki*, iseme pia *kinachoruhusiwa kiwe na sifa hizi*, na shirika la viwango likague. Zimbabwe walipokataza maboksi haya mwaka 2017, wao huyaita *kaylite*, marufuku ilitangazwa kwa ghafla, ikabidi wapewe muda wa ziada kwa sababu mbadala haukuwa dukani. Lagos wiki tatu. Kila anayekurupuka anarudi kuongeza muda.

#39 MkaziWaTandale

Wakuu, nimesoma yote, na nimefanya kitu.

Jana nilichukua bakuli langu la plastiki lenye mfuniko, nikaenda kwa muuza chipsi wa mtaani, siyo wewe #3. Nikamwambia niwekee humu chipsi kavu moja. Akaliangalia bakuli, akaniangalia mimi. Akachukua boksi jeupe, akajaza chipsi, akazimwaga kwenye bakuli langu, *akalitupa boksi*.

Nikamuuliza kwa nini. Akajibu, "Nitajuaje imefika moja?"

Nimekaa usiku nalifikiria jibu lile. Kwake boksi ni kipimo. Chipsi moja ni boksi moja, na tajiri wake anahesabu mauzo kwa maboksi yaliyopungua. Asubuhi anakabidhiwa mia, jioni yamebaki ishirini, basi fedha ya themanini iwepo. Akipima kwenye bakuli langu bila boksi, ama anampunja mteja ama anakatwa yeye. Hatujalitaja hilo hata mmoja wetu, na hatujui tutaweka nini mahali pake.

#40 ChipsiMayai_Sinza

Mkuu, hiyo ni kweli tupu. Mimi ni mwenye kibanda na ndivyo ninavyomhesabia kijana wangu.

Tangu nisome uzi huu nimefikiria sahani ya bati. Ijazwe, imwagwe kwa mteja mwenye chombo chake. Hesabu nitafanya kwa viazi, kilo fulani zitoke sahani fulani. Nitajaribu wiki hii kwa wateja wa karibu. Wa bodaboda siwezi, watanisamehe.

#41 MamaNuru

Mwanangu, anayekuja na chombo mpunguzie kitu kidogo, hata kama ni bei ya boksi tu. Mimi nimeanza na ofisi mbili, wanaleta hotpoti zao asubuhi. Maji ya kuoshea ni yao.

#42 Dereva Boda 24

Na sisi tutabeba hotpoti? Nani atarudisha?

#43 MzeeWaSkrepa

MkaziWaTandale, Jumamosi mkizibua kalavati la pili msiyachome hayo maboksi kama mnavyofanya siku zote, moshi wake mweusi unaumiza kifua. Yawekeni kando. Nitakuja na mizani. Nataka nimwonyeshe mhandisi gunia lililojaa linatoa kilo ngapi.

#44 Mhandisi_Ubungo

Nitakuja. Nipeni saa.

#45 MkaziWaTandale

Saa moja asubuhi, nyuma ya msikiti. Chekeche tunalo.